Filimbi inayofungua milango: nilichoongea na vijana wa gemu na muziki, Mwanga, Kigoma

Waliokosa Jumamosi, hii hapa yote kama nilivyoongea. Mambo ya projekta nimeyaruka, na pale nilipoimba mtavumilia herufi.

Mwakeye!

Aah hapana, mmeitikia kama watu ambao hawajanywa chai. Mwakeye! Haya, hapo sawa.

Wadogo zangu, kaka zangu, dada zangu, na mama zangu wa kwaya ambao nawaona mmekaa kule nyuma mkidhani leo ni semina ya vinanda, karibuni sana. Mimi mnanijua, nafundisha kwaya, na nikikosa kwaya nakaa na bisibisi nafungua vinanda vya makanisa vilivyoingia maji ya mvua. Sasa hawa vijana walioandaa wakaniambia mwalimu njoo utuongelee gemu. Nikasema sawa, ila nitaongelea gemu moja tu, na ndani ya hiyo gemu moja nitaongelea kitu kimoja tu. Filimbi.

Filimbi ya kienyeji kabisa ukiitazama, ndogo, inaenea kwenye viganja viwili, umbo kama yai lenye mdomo, rangi ya bluu. Inaitwa okarina. Na gemu ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Nintendo, ilitoka Novemba 1998 kwa mashine ya Nintendo 64. Ndio, najua, nusu ya ukumbi huu mlikuwa hamjazaliwa, msinicheke, hiyo gemu mpaka leo pale Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji, ina 99 kwa 100 na nyinyi na magemu yenu ya juzi mnatafuta 80 kwa tochi.

Kwa asiyeijua, kwa kifupi. Kuna nchi inaitwa Hyrule, kuna kijana anaitwa Link amelelewa msituni na watoto ambao hawakui, kuna binti mfalme anaitwa Zelda, na kuna jamaa mbaya anaitwa Ganondorf anataka nguvu takatifu awe mfalme wa kila kitu. Hadithi ya kawaida mno, bibi yako Kasulu angekusimulia kali zaidi ya hiyo. Ila huyu kijana anatembea na vitu viwili, upanga na filimbi. Na mimi nimekuja hapa kuwaambia upanga tuuache.

Kwa nini tuuache upanga? Kwa sababu upanga upo kila gemu bana. Unabonyeza, jamaa anapiga, adui anakufa, mwisho wa habari. Filimbi je? Filimbi unabonyeza, halafu jua linazama. Unabonyeza, mvua inanyesha. Unabonyeza, farasi anatoka kusikojulikana anakuja mbio. Unabonyeza, mlango wa mawe uliofungwa miaka na miaka unafunguka. Mlishawahi kuona upanga unafanya hivyo?

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo jambo langu leo na mengine yote yanalizunguka: chombo cha muziki kwenye gemu kifanye kazi. Kifanye kazi! Kisiwe pambo.

Wazee waliokaa mwambao wa ziwa kule kusini wananielewa haraka. Ile meli yetu Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilipokuwa inashuka ziwa ilikuwa haisogei ufukweni kila kijiji, vijiji vingi gati hakuna, kwa hiyo inasimama huko kwenye maji marefu inapiga honi. Na honi ikilia nini kinatokea? Mitumbwi inatoka! Mtu alikuwa anakula anaacha ugali, mama anafunga mtoto mgongoni, gunia la dagaa linapanda kichwani, kijiji kizima kinakimbilia maji, usiku wa manane hata. Honi ile ina noti ngapi? Moja. Ina uzuri gani? Haina, inakwaruza masikio. Lakini hakuna mtu wa mwambao anayeisahau, kwa sababu ikilia dunia inabadilika.

Hiyo ndiyo filimbi ya Zelda.

Na tuwe wa kweli, hawakuianza 1998. Zelda ya kwanza kabisa ya mwaka 1986 tayari ilikuwa na filimbi, ukiipuliza mahali fulani bwawa linakauka unaona ngazi ya kushukia, na mahali pengine kinakuja kimbunga kinakubeba. Ya 1991 ikaja na filimbi inayoita ndege akubebe. Ile ya Game Boy ya 1993 ndio usiseme, unakusanya vyombo vinane vya muziki ili umwamshe samaki mkubwa aliyelala usingizi. Kwa hiyo hawa jamaa walikuwa na filimbi kitambo. Ila hizo zote nani alikuwa anapiga? Mashine. Wewe unabonyeza batani moja, tuni inajipiga yenyewe, wewe umekaa tu kama abiria.

1998 wakabadilisha. Ukiitoa filimbi, kontrola yote inageuka kuwa chombo. Batani zilizokuwa za kutumia vitu vya begi sasa ni noti. Link ananyamaza anasubiri, na kama hujui wimbo, haupigwi. Hakuna wa kukusaidia. Vidole vyako ndio vinajua au havijui.

Mnaona tofauti? Upanga anao Link. Filimbi unayo wewe.

Nipige mfano mmoja niupendao. Kuna watu wanaitwa Goron, wanakula mawe, ndiyo, mawe, na mkuu wao anaitwa Darunia. Pango walilokuwa wanachota chakula limezibwa, watu wana njaa, mzee kanuna hatari kajifungia chumbani. Kwanza mlango tu haufunguki mpaka upige wimbo wa ukoo wa kifalme, ule wa kumbembelezea Zelda alipokuwa mchanga, ndio anajua umetumwa na mfalme. Anafungua, anakuangalia, anazidi kukasirika, yaani namsubiri mjumbe wa mfalme naletewa katoto? Unaongea naye haelewi. Upanga hapo utamfanyia nini, umkate mkuu wa watu? Sasa una wimbo mwingine uliofundishwa na rafiki yako Saria kule msituni, wimbo wa kurukaruka, wa kitoto kabisa. Unaupiga. Mzee anasimama. Anaanza kutikisika. Anacheza! Lile jitu zima la mawe linarusha mikono linapiga kelele za furaha, likimaliza linahema, linakupa bangili ya kukuongezea nguvu uweze kung'oa maua ya baruti, na kuanzia hapo njia ya pango imefunguka. Mtu amebadilika kwa wimbo, na safari ikasonga kwa sababu mtu amebadilika. Waliotengeneza wangeweza kuweka ufunguo kwenye sanduku, wangemaliza kazi mchana mmoja. Hawakuweka ufunguo. Waliweka wimbo.

Sasa mama zangu wa kwaya hapa ndio pa kwenu, sogeeni.

Ile filimbi ina noti ngapi? Tano. Tano tu! Batani ya A ni re ya chini. Halafu kuna batani nne za njano zinaitwa C, ya chini ni fa, ya kulia ni la, ya kushoto ni ti, ya juu ni re ya juu. Basi. Do hakuna, mi hakuna, so hakuna. Mtunzi ni Koji Kondo, yule yule aliyetunga muziki wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, akaambiwa nyimbo za kupiga kwenye filimbi zinatoka kwenye hizo tano, na ziwe nyingi, na kila moja mtu aitambue, na mtoto aweze kuikariri. Nyinyi mwalimu wa kwaya akiwaletea wimbo wa noti tano mnalalamika mwalimu hana kipaji.

Imbeni na mimi. Ti, re, la. Ti, re, la. Taratibu, re ni ya juu. Huo ndio wimbo wa Zelda wa kubembelezea. Mzuri eeh? Haya mwingine, re ya chini, fa, re ya juu. Re fa re, re fa re. Huo ni wimbo wa dhoruba, ukiupiga mvua inanyesha, naona alto mmechangamka. Huu je, fa, la, ti, fa, la, ti. Haa! Mmeona? Soprano mmeteleza. Mmeteleza kwa sababu fa mpaka ti ni umbali mbaya kuimba, kila mwalimu wa kwaya anaujua na anaukwepa, na huyu Kondo kauchukua kautia kwenye wimbo wa mtoto wa msituni, ndio maana unasikika wa ajabu kidogo, kama una mzaha ndani. Huo ndio uliomchezesha Darunia.

Mmegundua kitu kingine? Noti tatu, unarudia mara mbili. Nyimbo sita za mwanzo zote ziko hivyo. Zote! Tatu, tatu tena, umemaliza. Halafu ukishapiga hizo chache, gemu yenyewe inaupokea wimbo inaumalizia kwa utamu wake. Wewe umeanzisha tu, kwaya imepokea. Zile nyimbo za kusafiria, zinazokuhamisha kutoka pembe moja ya nchi kwenda nyingine, hizo ndio ndefu ndefu, noti tano hadi nane, na hizo unazipata baadaye vidole vikiwa vimeshazoea.

Na kwa nini hizo tano zisipishane vibaya? Nendeni kwenye kinanda mkiondoka hapa, mshike re, fa, la, ti kwa pamoja. Zinapatana. Kwa hiyo hata mtoto wa miaka minne akikamata kontrola akabonyeza hovyo hovyo, inatoka sauti ya kueleweka, hapigi makelele. Hilo wengi hawalioni. Chombo cha mtu asiyejua muziki usimpe noti zinazogombana, atakata tamaa dakika ya kwanza. Na yule aliyeiva wamemuachia nafasi, kuna batani ya kupandisha noti nusu na ya kushusha nusu, na ile fimbo ya kontrola inapindisha sauti, kwa hiyo mtu mtundu anapiga karibu wimbo wowote duniani. Kuna watu wanafanya hivyo, wana muda sana.

Kitu kingine kidogo hapo hapo. Okarina haikupimi mdundo. Piga haraka, piga polepole, kohoa katikati, ukizipanga noti kwa mpangilio wake inakubali. Ile Zelda ya mwaka 2002 yenye kijiti cha kuongozea upepo ilianza kudai mapigo, tatu, nne, sita, ikawa nzuri lakini ngumu kidogo. Na ile ya 2009 ya Nintendo DS wakataka upulize kweli kweli kwenye maiki ya mashine. Mimi hiyo siipendi. Wazo zuri ukiwa peke yako chumbani, ila jaribu kupuliza mashine ndani ya Hiace ya Ujiji imejaa, watu watakushusha.

Okarina yenyewe siyo kitu cha kubuni, mnajua? Ipo. Filimbi za udongo za aina hiyo za mviringo ni za kale mno, China na Amerika ya Kati wanazo tangu zamani, na hii ya umbo la leo ilitengenezwa na Mtaliano Giuseppe Donati mji wa Budrio mwaka 1853. Na inafanya kazi tofauti na filimbi zetu za mwanzi. Filimbi ya mwanzi ukikosea kutoboa tundu sentimita moja juu au chini, noti imeharibika. Okarina hapana, kwa sababu ni chumba kilichofungwa, hewa yote ya ndani inatetemeka kwa pamoja, kwa hiyo kinachoamua noti ni ukubwa wa jumla wa matundu uliyofungua, siyo yako wapi. Fungua zaidi, sauti inapanda. Ndio maana Mwingereza mmoja, John Taylor, miaka ya 1960 akaweza kutengeneza yenye matundu manne tu ya ukubwa tofauti, unayachanganya unapata skeli nzima. Hapa Kigoma udongo wa mfinyanzi tunao. Sehemu ngumu ni moja, pale hewa inapotoka mdomoni, lile ganda la udongo inapokwenda kugonga hewa lazima liwe na ukingo mkali uliolainishwa, na njia ya hewa iulenge huo ukingo sawasawa, nyembamba, kijiti cha aiskrimu kinatosha kuichonga. Ukikosa hapo inatoa pumzi tu, fuuu. Ukipata hapo, hata kabla hujatoboa tundu la kidole inalia.

Tuendelee, naona muda unaenda.

Niwaambie jinsi nilivyoijua hii gemu. Jirani yetu alikuwa dereva wa shirika moja lililokuwa linahudumia makambi ya wakimbizi, bosi wake alipohamishwa akamuachia Nintendo 64 na kontrola mbili, moja fimbo yake imelegea. Enzi hizo umeme wetu ni wa jenereta, unaujua unakuja saa ngapi lakini hujui unaondoka saa ngapi, kwa hiyo tunaseivu kila tukipumua. Gemu yote Kiingereza. Sisi Kiingereza chetu ni cha good morning teacher. Vijana wakubwa wamekaa mbele wanashika kontrola kwa zamu, wadogo nyuma, na watoto wa kike hata zamu hawakuwa nayo, dhuluma ya wazi lakini ndio ilikuwa hivyo.

Sasa kuna msitu kwenye hiyo gemu, msitu wa kupotea. Kila chumba cha msitu kina matundu ya kutokea, ukichagua baya unarudishwa mwanzo. Vijana wetu wakahangaika humo mpaka ukawa ugomvi, huyu anasema kushoto, huyu anasema fulani alipita kulia, wakachora ramani kwenye ukuta kwa mkaa, mama mwenye nyumba akawafukuza. Siku moja kadada kamoja kalikokaa mlangoni kanamenya viazi vitamu, wala hakaangalii televisheni, kakasema, "Siyo hapo, wimbo umepungua." Nini? "Ulivyogeuka upande ule wimbo ulikuwa mkubwa. Hapo umekuwa mdogo." Wakamcheka. Kisha mmoja akageuza taratibu. Kweli! Ukiielekea njia sahihi muziki unaongezeka, ukielekea njia mbaya unafifia. Wakubwa walikuwa wamepunguza sauti ya televisheni ili wabishane vizuri. Wakaongeza sauti, wakapita msitu wote kwa dakika chache, kadada kanaelekeza na kisu cha viazi, huku, huku, hapana rudi, huku.

Na ule wimbo wa msitu ni upi? Ni ule ule wa Saria. Fa la ti. Kwa hiyo kabla Saria hajakufundisha filimbini, sikio lako limeshakaa nao msituni. Vile vile wimbo wa farasi, ukiingia kwenye shamba la mifugo unasikia binti mmoja anauimba, unazunguka zunguka pale, ukija kufundishwa unaona kama ulikuwa nao siku zote. Hiyo ndiyo namna wenzetu wanafundisha bila kufundisha. Na sisi tuliokuwa hatujui Kiingereza tulikuwa sawa kabisa na mtoto wa Marekani, kwa sababu fa la ti haina Kiingereza. Nauliza nyinyi mnaotengeneza gemu, gemu yako ukiondoa maandishi yote, mtoto wa Uvinza asiyejua kusoma atafika wapi?

Halafu sasa kuna ile inayoniumiza kichwa mpaka leo. Link kwenye gemu anaishi mara mbili, akiwa mtoto, na akiwa mkubwa miaka saba baadaye, anavuka kwenda na kurudi. Akiwa mkubwa anamkuta jamaa mmoja kwenye kinu cha upepo kijijini Kakariko, ana hasira, anasema miaka saba iliyopita alikuja mtoto mshenzi na filimbi, akapiga wimbo ukaharibu kinu changu, na wimbo wenyewe hautoki kichwani, sikiliza. Anakuimbia. Re fa re. Unaukariri. Sasa unarudi nyuma kuwa mtoto, unaingia kwenye kinu kile kile, jamaa yuko na furaha zake, unampigia ule wimbo. Kinu kinakwenda kasi, kisima cha kijiji kinakauka, na yule mtoto mshenzi ni wewe.

Haya, nani alitunga huo wimbo? Wewe umefundishwa na jamaa. Jamaa kafundishwa na wewe. Nani alianza? Nani alianza! Naona mmenyamaza, na yule dogo wa shati jekundu anataka kujibu, subiri kwanza. Jibu halipo. Ule wimbo hauna mtunzi, unazunguka tu. Mzee wangu mmoja nilimsimulia akasema mbona hata nyimbo zetu za ngoma ziko hivyo, muulize yeyote nani kaitunga atakwambia tumeikuta. Nikakaa kimya.

Na ndani ya gemu hiyo hiyo kuna kinyume chake, sanamu la kutisha ndege lipo pale ziwani, ukiwa mtoto unalipigia wimbo wowote wa noti nane uliotunga wewe mwenyewe. Wako. Haumo kwenye kitabu chochote. Linakwambia nitaukumbuka. Miaka saba baadaye, umekuwa mkubwa, nchi imeharibika, kila mtu kachoka, unakwenda pale pale unalipigia tena, na linakumbuka. Kuanzia hapo mahali fulani ambapo huwezi kupanda, unapiga wimbo wako na linajitokeza juu ukalirushia mnyororo likakuvuta. Sasa mimi niwaambie ukweli, mimi wimbo wa Zelda nimeusahau mara nyingi nikakumbushwa. Ule niliotunga wa sanamu sijausahau. Mpe mtu nafasi ya kuweka chake ndani ya gemu yako, hata kama ni cha hovyo, kwa sababu cha kwake hakisahau.

Sasa turudi Kigoma.

Kuna kijana humu, simtaji, alinionyesha gemu yake kwenye simu. Kazi nzuri, mitumbwi, ziwa, milima ya ng'ambo ya Kongo, nikafurahi sana. Mhusika wake ana zeze mgongoni. Nikamuuliza, hili zeze linalia? Akasema hapana mwalimu, ni la muonekano. La muonekano! Jamani. Umemvalisha mtu zeze gemu nzima, anaruka nalo, anapigana nalo, anaogelea nalo, na halilii hata mara moja? Si bora ungemvalisha begi la shule?

Sisemi muige okarina. Zelda ni ya Wajapani, waachieni na filimbi yao. Nasema jiulizeni wao walichojiuliza, hiki chombo kikilia, nini kinatokea? Chukua manyanga ya ndugu zetu Wanyamwezi wa Tabora, vile vibuyu vya kutikisa. Na chukua kitu ambacho kila mtu hapa anakijua, dagaa hawavuliwi usiku wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka karabai za wavuvi haziwavuti dagaa, mitumbwi inalala. Sasa nikikupa mtoto mwenye manyanga, na mdundo mmoja ambao akiutikisa mwezi unaingia nyuma ya wingu, unaona gemu inavyojiandika yenyewe? Mwezi umejificha, taa za wavuvi zinawaka ziwa zima, dagaa wanapanda, njia uliyokuwa unaiona kwa mwezi huioni tena, na kuna kitu kingine gizani kilikuwa kinasubiri mwezi ufe. Mdundo mmoja. Nimewapa bure, atakayeitengeneza asinisahau kwenye majina ya mwisho.

Na hapa ile habari ya kutopima mdundo inawahusu nyinyi kuliko hata wao. Wachezaji wenu wana simu za bei ndogo, unagusa kioo, sauti inakuja imechelewa kidogo, na sikio linaligundua hilo haraka sana. Ukitengeneza gemu ya kupiga ngoma kwa taimu kali, nusu ya wachezaji watafeli kwa makosa ya simu na watasema gemu yako mbovu. Ukitaka mpangilio tu wa noti, kama okarina, hakuna atakayeona kuchelewa. Kioo pia hakina batani ya kupapasa, kidole hakijui kiko wapi bila jicho, kwa hiyo noti zako ziwe kubwa, ziwe chache, na ziwe pale gumba linapofika. Tano zinatosha, mmeshaimba wenyewe hapa. Vifaa vya kutengenezea msiseme ni hela, Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure, unaishusha mara moja unafanya kazi bila bando.

Sauti sasa. Msichukue sauti za ngoma za mtandaoni zilizorekodiwa sijui wapi. Wapigaji wapo Kasulu, wapo Kibondo, wapo Ujiji, na wengine ni wazee. Nendeni mkarekodi, simu inatosha, chumba chenye magodoro na mapazia kinaua mwangwi vizuri tu. Ila mwende na adabu zenu. Mwambieni mzee inakwenda kutumika wapi, mumlipe mlichokubaliana kabla hajapiga siyo baada, na kama kuna mdundo anakwambia huu haupigwi hovyo, basi haupigwi hovyo, hauingii kwenye gemu, mwisho. Msije kuniambia mwalimu alisema turekodi.

Nimalizie na kazi, kwa sababu waandaaji wananionyesha saa na chai imefika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukikutana hapa kila mmoja aje na noti tano anazozichagua yeye, za chombo cha hapa, na wimbo mmoja wa noti tatu zinazorudiwa mara mbili. Mama wa kwaya tutauimba papo hapo bila kufundishwa, ukitushinda kuushika mara ya kwanza unarudi kuutengeneza. Na pembeni uandike sentensi moja, ukilia huu wimbo nini kinatokea. Sentensi moja, siyo kurasa. Wenye laptopu mje nazo zimejaa chaji kutoka nyumbani, soketi za ukumbi huu ni mbili na moja ukiigusa inakujibu. Dogo wa shati jekundu, haya, tuambie nani alitunga wimbo wa dhoruba.